Shujaa Tuliyesahau Kumkomboa

Shujaa wetu wa kitabu cha katuni alizaliwa kwenye benchi la stesheneri ninayofanyia kazi, hapa Mpanda mjini. Mimi nilitunga, mtani wangu alichora. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti, na kabila lake na langu ni watani tangu enzi za mababu. Ananiita mtumwa wake, mimi namwita mwizi wa kuku, na hakuna anayenuna.

Vazi la chuma la shujaa lilitoka kichwani mwa huyo fundi: mabati ya behewa bovu, springi za bajaji, betri ya sola mgongoni. Masika mawingu yakitanda, shujaa anaishiwa nguvu, na wezi wanajua. Mimi nilimpa maisha. Mkono wake wa kushoto ulikatika siku mwenyekiti wa kijiji alipouza pampu ya kisima na shujaa akajaribu kulizuia lori lililoibeba. Tangu hapo aliapa kutopanda jukwaa la mwanasiasa yeyote. Tulitoa kopi, tukawauzia wanafunzi na abiria wa treni. Watu walinisimamisha sokoni kuniuliza kitakachofuata. Nilipenda kusimamishwa, sifichi.

Kisha mama yangu akafariki, tukamzika kijijini, Sibwesa. Watani walikuja, mtani wangu akiwa mbele yao. Kazi yao msibani mnaijua: wanatania hata marehemu, wanateka vitu vya wafiwa, na wafiwa wanavikomboa kabla ya kuanua matanga. Kisichokombolewa kinakwenda. Aliteka sufuria, akateka jembe, akateka kofia ya mjomba, halafu akasimama mbele ya waombolezaji wote.

"Na yule shujaa wa huyu dada nimemteka! Msipomkomboa, wangu!"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu mama afumbe macho. Mjomba alitoa kuku kwa ajili ya sufuria, jembe na kofia yake. Shujaa hakuna aliyemkumbuka, hata mimi, maana niliona ni maneno ya kutufuta machozi tu. Matanga yakaanuliwa.

Nilibaki Sibwesa kuwasaidia ndugu kuvuna. Niliporudi kazini nilikuta toleo jipya la shujaa limeletwa kutolewa kopi. Michoro ilikuwa ya mtani, lakini mtunzi alikuwa binti mmoja kutoka Sitalike, mgeni mjini, anayeuza vocha jirani na karakana ya mtani. Shujaa sasa anagombea udiwani! Vazi lake linaendeshwa kwa simu, anahutubia, anaahidi maji. Na mashine ya kopi naiendesha mimi, kwa mikono yangu hii.

Wivu ulinikaba. Kila mteja aliyecheka pale kwenye benchi alinichoma. Nilikisoma kile kitabu kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele, natafuta kosa, na nikalipata: jukwaani shujaa ameinua mikono miwili. Miwili! Nilifurahi, Mungu anisamehe, kuliko nilivyofurahia kitu chochote mwaka ule.

Nilinunua kuku mtetea, nikaenda naye karakana. Mtani alikuwa anachora, yule binti amekaa kwenye kiti nilichozoea kukalia mimi.

"Nimekuja kukomboa," nikasema.

Mtani alimtazama kuku, akacheka. "Wewe mtumwa, umechelewa. Matanga yalishaanuliwa. Utani una sheria zake, au nyie wa mjini mmesahau?"

"Basi mwambie mtunzi wako asome ya nyuma kwanza. Huyu mtu ana mkono mmoja."

Nilitegemea binti abishe, nimpe zake. Hakubisha. Aliinuka, akanipa kile kiti kwa adabu iliyonikera zaidi kuliko matusi.

"Samahani, dada. Ya nyuma sikuyapata yote. Sasa huo mkono tuseme ulirudije?"

Ningeweza kumwambia aufute. Ningeweza kuondoka na kuku wangu nikawaacha na hilo shimo kwenye hadithi yao. Lakini lilikuwa shimo kwenye maisha niliyoyatunga mimi, na sikuvumilia kuliona likizibwa na mtu mwingine.

"Alitengenezewa na mama yake," nikasema kwa hasira. "Aliyeyusha jembe lake, la pekee alilokuwa nalo. Msimu ule hakulima. Mkono ulipokamilika, yeye hakuwepo tena kuuona."

Sikujua nimeyatoa wapi. Mama yangu hakuwahi kuyeyusha chochote. Binti alikuwa ameshika kalamu, anaandika haraka haraka, na mimi nilimwonea wivu hata mwendo wa mkono wake.

Mtani aliacha kuchora. Akauliza polepole, bila kunitania, "Sasa mbona shujaa hakutuambia? Wapiga kura wangemlilia."

"Angewaambia saa ngapi?" nikamjibu. "Siku ya kumzika mama yake mlikuwa mnacheka, mkamchekesha na yeye. Alipomaliza kucheka, mlikuwa mmeshabeba vitu vyake."

Mtani aliinamisha macho. Yule binti akafungua ukurasa mwingine, akaliandika na jibu langu hilo.