Kidole cha Marcelline Ndani ya Gunia

Umande wa Kasongo haujakauka, na Marcelline ameshapiga magoti mbele ya gunia la kwanza. Analilaza juu ya ubao, analinyoosha polepole kama nguo ya ubatizo, kisha anaweka juu yake bati lililotobolewa herufi. Brashi ya nyuzi za mchikichi inachovya rangi nyeusi, inagonga, inagonga. Anainua bati. WEIGHT.

Ni neno la Kiingereza. Maana yake uzito. Baada yake Placide, karani wa ghala, huandika kilo. Mchele huu wa vita unakwenda kwa majeshi ya Waingereza, hadi Misri, ndiyo maana Kifaransa, lugha ya wakubwa wa hapa, kimekaa pembeni.

Marcelline hakusoma, ila neno hilo analijua kwa mkono. Placide, mwanafunzi wa mapadri, akiliandika bila bati, E na I hubadilishana viti.

“Karani, angalia bati,” humwambia. “Halikusoma, lakini halisahau.”

Placide hucheka tu. Ndiye aliyemweleza kwamba G na H zimo katika neno ila hazisikiki mtu akilitamka. Jambo hilo lilimkaa Marcelline moyoni. Siku nzima aliziwaza herufi zile mbili, zinavuka maji pamoja na wenzao, kimya, na hakuna anayethubutu kuziacha nyuma.

Mwanawe Dominique ni mpishi wa askari huko Misri. Miezi kumi na sita sasa, hakuna barua. Basi mama akaanza kuchovya kidole gumba chake katika rangi na kukigandamiza chini ya neno. Kina kovu refu la kisu cha mihogo. Dominique alipokuwa mdogo hakulala bila kulishika kovu lile.

Kwa siku, magunia arobaini, vidole arobaini.

Wiki iliyopita msimamizi Mzungu aliviona. Alisema nje ya gunia iwe safi, na akiona alama tena, mama huyo arudi kwao Kabambare akalime. Marcelline aliitika, akainamisha kichwa.

Leo nje ni safi kabisa. Lakini kabla mchele haujamiminwa, anatia mkono ndani ya gunia hadi pembe ya chini, bega linazama, anagandamiza, anangoja rangi ikauke.

Placide anamuuliza, Mama Dominique, kazi huitaki?

“Naitaka. Bwana alisema inje. Ya ndani hakusema.” Anapangusa kidole kwa jani. “Wakubwa wanaangalia inje. Mupishi ndiye anageuza gunia mupaka kwenye pembe, punje isipotee. Ataona mama yake iko.”

Na vita vikiisha? anauliza karani.

Anatazama barabara ya lori, vumbi lake jekundu likitulia taratibu.

“Siku atarudi, habari ya Misri sitamuuliza. Nitamuuliza tu kama alikuwa anakung’uta magunia muzuri.”