Kobe Kwenye Karai

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, tulipokuwa wageni katika mtaa wa Umoja, Nairobi, na nyumba zetu bado zinanuka rangi. Nilikuwa msichana asiyejua kukaa kitako. Mama akinituma chumvi, narudi na kitu kingine. Siku hiyo nilirudi na kobe nimemkumbatia kifuani, gauni lote matope, na chumvi nimeisahau dukani.

Nilimwokota njiani, karibu na machimbo ya mawe ambayo wajenzi waliyaacha yakajaa maji. Nilimpenda papo hapo. Nilikuwa mtoto wa pekee, na mtaa ule mpya haukunipa rafiki isipokuwa Akinyi wa nyumba ya pili.

Mama yangu alikuwa mtu wa Mombasa, na kwao maneno hayachanganywi. Wa baharini ni kasa, wa nchi kavu ni kobe. Basi akamtazama mgeni wangu, akacheka.

"Kwani Nairobi kuna bahari? Huyo ni kobe. Mtie mahali pakavu, mpe majani."

Kesi ikaisha. Nikamweka kwenye karai la kufulia, nikamtandikia gunia, nikamkatia sukuma wiki laini kuliko ile tuliyokula sisi.

Hakuigusa. Kazi yake ilikuwa kukwarua karai, kwaru kwaru, asubuhi mpaka jioni. Anazunguka, anapanda ukingo, anateleza, anaanza upya. Hata nikiwa shuleni niliisikia ile sauti masikioni, mguu wangu nao ukikwarua sakafu chini ya dawati. Nikirudi, mimi na Akinyi tunampigia makofi.

"Cheki, anacheza!" Akinyi alisema, nami nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Lakini macho ya kobe yalianza kuvimba. Ngozi ya shingo ikabambuka. Nilikosa raha kabisa, nikawa naingia na kutoka, na dawa niliyoijua ni moja tu: kuongeza sukuma.

Kisha nyanya yake Akinyi akaja kutembea kutoka kwao, kando ya ziwa. Aliisikia ile kwaru kwaru kupitia ukutani, akaja mpaka kwetu. Hakuniuliza hata jina. Alimwinua kobe, akautanua mguu wake kwa kidole gumba.

"Angalia hapa. Hii vidole iko na ngozi katikati, kama ya bata. Huyu ni wa maji, na wewe umemkausha kama omena, ile dagaa ya kwetu."

"Lakini ni kobe, nyanya. Mama amesema kobe ni wa nchi kavu."

"Jina ni yenu. Miguu ni yake."

"Na ana raha! Kila siku anacheza!"

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kofi.

"Mtoto yangu, hachezi. Anatafuta mlango."

Nililia kwa sauti. Mama, aliyekuwa nyuma yangu akikausha mikono, hakubisha, naye mama alikuwa mbishi kweli. Alichukua buibui lake akasema twende.

Kwenye machimbo nilimweka kobe ukingoni mwa maji. Alikaa kimya kwanza, mpaka nikadhani tumechelewa. Halafu akaanza kutambaa. Nilimwomba kimoyomoyo ageuke aniangalie, hata mara moja tu. Hakugeuka. Maji yakamfunika, nasi tukarudi nyumbani na karai tupu.

Nakuambia haya, mwanangu, kwa kuwa nawe sasa unalea, na nakusikia ukilalamika kwamba huyu wako ni mtundu, huyu wako hatulii. Hata mimi nilisemwa hivyo hivyo. Kiumbe chochote utakachotunza, mnyama au mtu, mtazame miguu kabla hujamtafutia karai. Usimlishe jina ulilompa wewe. Akikwarua, usipige makofi wala usimkemee. Tafuta kujua anataka kwenda wapi. Na ukigundua kwamba mlango wake hauko nyumbani kwako, mfungulie. Utaumia, sikufichi. Mimi na uzee wangu huu wote, nikipita penye maji yaliyotuama bado nasimama kuangalia kama kuna kichwa kitakachochomoza.

Haya, nenda, watoto wanakungoja. Mungu akulinde wewe na kizazi chako, akupe mikono inayojua kushika, na siku ikifika, inayojua kuachia.