Beberu wa Mjomba Petro na Jogoo wa Fuvu Jeusi

Wakuu, mimi nimewahi kupiga roki kwenye matanga, mjane akacheka, akainuka mkekani na kunikabidhi jogoo mzima mzima.

Kaeni vizuri niwaeleze, maana hili lilinikuta Mkuyuni, mchana kweupe, na mashahidi wapo.

Naitwa Wilfred. Nakaa Kihonda na napiga gitaa kwenye bendi ya roki inayoitwa Fuvu Jeusi.

Najua mnachofikiria. Morogoro na roki wapi na wapi. Hata mama yangu huniuliza hivyo kila nikitoka na gitaa mgongoni.

Tuko watatu tu. Mimi gitaa, Halidi ngoma, na Prisca muimbaji. Nikisema muimbaji msifikirie kwaya. Prisca akishika maiki ananguruma kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi. Halafu ukikutana naye mtaani ni binti mpole anayeuza vitenge, shikamoo zake zimenyooka.

Tunavaa nyeusi toka juu hadi chini, fulana za mafuvu, minyororo kiunoni. Siku ya shoo tunapaka nyuso unga wa muhogo ziwe nyeupe, na macho tunayazungushia mkaa.

Sasa nina mjomba wangu wa Bigwa, Petro. Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye kauli. Na huyu wangu ana kauli kuliko redio.

Enzi za ujana wake alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya roki, Radi ya Mlima. Gitaa lile bado analo. Ni jekundu, linalala kitandani upande wa ukutani, yeye analala ukingoni.

Nimelitamani gitaa hilo tangu sijaota ndevu. Langu nyuzi zinalegea kabla wimbo haujafika katikati. Lile lake ukiligusa tu linakujibu mpaka kifuani.

Kila nikienda kumsalimia mada ni ile ile: Radi ya Mlima na Fuvu Jeusi, ipi bendi na ipi balaa.

Anaanzia kwenye picha ya ukutani. Vijana wamevaa suruali za bugaluu, pana za kufagia barabara, viatu vya raizoni virefu kama stuli, nywele za afro, mashati ya maua yenye kola za kufika mabegani. Na katikati yao amesimama beberu mweusi.

"Unamwona huyo?" huniuliza. "Tulipiga wimbo mmoja tu Mkuyuni, mzee wa watu akainuka akatuletea beberu. Nyie mmewahi kupewa hata yai?"

Harusi pekee tuliyowahi kupiga, tulipewa usafiri wa kurudi nyumbani kabla ya chakula.

Basi anaendelea kunishindilia. Kwamba enzi zao gitaa ulilisikia ukajua ni gitaa, na maneno uliyashika ukaondoka unayaimba. Kwamba sisi mtu hajui kama wimbo umeanza au kabati limeanguka.

Mimi namjibu kwamba roki ni uzito, ni mzuka, na kwamba wao walikuwa na spika moja ya kubebea gitaa, maiki na uongo. Anacheka. Kisha anamalizia kwenye mavazi.

"Sisi tulivaa ili watu waje. Nyie mnavaa ili watu wakimbie."

Tuliishi hivyo mpaka Mzee Klemensi alipofariki.

Huyu ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa Radi ya Mlima, na kwake ni Mkuyuni. Alimwacha mkewe, Bibi Veronika. Tangu mazishi bibi wa watu alikaa mkekani, hasemi, hacheki, chakula anakigusa na kukirudisha. Wanawe walikuwa na hofu naye.

Ilipokaribia siku ya kuanua tanga, familia ikawaomba waliobaki wa Radi ya Mlima waje wamuage mwenzao kwa nyimbo. Walikuwa wamebaki wawili: mjomba, na muimbaji wao Mzee Taherali, mwenye duka la vitambaa mjini.

Mjomba akaniambia hiyo ndiyo itakuwa mara yake ya mwisho kulipiga gitaa. Baada ya hapo analipeleka kwaya ya parokia.

Nikambembeleza pale, nikakaa mpaka chini.

Akaniangalia, akakuna kidevu. "Njoo na mafuvu yako. Ukimwinua Veronika kwenye ule mkeka, gitaa lako. Ukishindwa, nisikusikie tena."

Tukapatana. Alichosahau mjomba, na hii ndiyo sumu ya simulizi yote, ni kuwaambia wafiwa kwamba kuna bendi ya pili.

Na wafiwa siku ile walikuwa na wageni wengine wanaowasubiri. Kuna watani wao wa upande wa Kisaki. Mnajua mtani msibani: atamwigiza marehemu, atakalia sufuria lako, atalala mlangoni, na kukasirika huruhusiwi. Dawa yake ni kumpa kitu akupishe.

Tulipanda Mkuyuni na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ngoma nyuma, jenereta nyuma, Halidi juu ya jenereta. Jua lilikuwa kali. Unga wa muhogo ukachanganyika na jasho, na tulipofika uso wa Halidi ulikuwa umeanza kusonga ugali.

Tukajibanza nyuma ya migomba tujipake upya huku wazee wanaanza.

Wakuu, niseme ukweli. Wazee walipiga. Bugaluu ya mjomba ilikuwa imegoma kufunga kifungo, kaibana kwa mkanda wa begi, lakini lile gitaa lilipolia nilisahau kujipaka jicho la pili. Mzee Taherali sauti yake bado tamu, na kila neno lilisikika. Wamama walifuta machozi.

Wimbo wa pili raizoni moja ya Mzee Taherali ikaachia soli. Akaimba mpaka mwisho akiwa bega moja juu, jingine chini, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Bibi Veronika alilia kimyakimya. Hakuinuka.

Zamu yetu. Tukatokea migombani, minyororo inalia, nyuso nyeupe, mafuvu kifuani, mimi jicho moja lina mkaa na jingine halina.

Uwanja mzima ukatugeukia. Halafu mama mmoja akashusha pumzi, akawaambia wenzake kwa utulivu kabisa, "Watani wamefika."

Mimi nilikuwa nachomeka waya, nikalisikia na nikalipuuza. Nilidhani watani wamekuja nyuma yetu.

Halidi akapiga hesabu, tukaachia.

Kuku walipaa. Mbwa wa jirani alihama kijiji. Prisca akafumba macho, akavuta pumzi, akanguruma ule mngurumo wake mrefu unaoanzia tumboni na kumalizikia puani.

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Baadaye ndiyo tuliambiwa kwa nini. Mzee Klemensi alikuwa anakoroma hivyohivyo. Walidhani Prisca anamwigiza marehemu, na ameiva kuliko mtani yeyote waliyewahi kumwona.

Mimi nilichokiona ni mabega ya Bibi Veronika yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, anapiga mkeka kwa kiganja, machozi yanamtoka.

Kisha akainuka.

Akajifunga khanga vizuri, akaenda jikoni kwa miguu yake, akarudi na jogoo mwekundu na kuniwekea mikononi. Tukaacha kupiga. Nikamtazama mjomba kwa jicho langu lenye mkaa. Alikuwa amekumbatia gitaa kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa.

Nikaanza kuinama kushukuru mashabiki. Hapo ndipo watani wa kweli walipoingia, wamevaa vifuniko vya sufuria kichwani, wakasimama wakatutazama.

Kiongozi wao akauliza, "Hawa ni akina nani, na jogoo wetu wamepewa kwa kazi gani?"

Hapa kikaumana. Familia ikatutazama upya. Prisca akaanza kutoa shikamoo kwa kila mtu. Ikabidi nijieleze, kwamba sisi si watani, sisi ni bendi, na ule ulikuwa wimbo.

"Wimbo?" Bibi Veronika akauliza. "Mimi jogoo nimekupa ili mnyamaze, mjukuu wangu."

Mjomba alicheka mpaka ule mkanda wa begi ukakatika. Akashika bugaluu kwa mkono mmoja, kwa mwingine gitaa, akatangaza kwamba mkataba umevunjika, aliyelipwa anyamaze si mwanamuziki, gitaa linakwenda kwaya. Mimi nilikuwa nimeshikilia jogoo na roho imenitoka kabisa.

Bibi Veronika akamsubiri amalize.

"Petro," akamwita, "na wewe yule beberu ulimpataje?"

Mjomba akaacha kucheka. Mzee Taherali akatazama kiatu chake.

"Yalikuwa matanga ya babu yangu," bibi akasema. "Mkaja na yale masuruali na makelele yenu. Baba akajua ni watani wa Kisaki wamezidi mwaka huo. Akatoa beberu mtupishe. Mkaondoka mnashangilia. Klemensi peke yake ndiye aliyerudi kesho yake kuomba radhi."

Akafuta macho kwa khanga. "Nikamkaribisha uji. Ndivyo nilivyoolewa, na makelele yake nikayazoea mpaka usingizini."

Watu walicheka, lakini taratibu safari hii.

Mjomba akamgeukia Mzee Taherali. "Ulikuwa unajua?"

"Wote tulijua, Petro. Wewe ulikuwa na furaha sana na yule mbuzi."

Mjomba akasimama pale na bugaluu mkononi. Kisha akaja, akachukua jogoo kwangu akawapa watani, na mahali pa jogoo akaniwekea gitaa jekundu. Hakusema kitu. Kwa mjomba wangu, huo ni muujiza.

Bibi Veronika akasema maadamu yeye kashainuka mkekani, tupige wote pamoja, ila yule binti arudie pale anapokoroma. Tukapiga. Alicheza mpaka wanawe wakaanza kumwambia apumzike, na jioni alikula sahani nzima ya wali.

Ukienda Bigwa leo utakuta ukutani kuna picha ya pili, sisi na unga wetu usoni, na jogoo tuliyemwazima kwa watani kwa dakika moja. Wageni wakiuliza, mjomba anawaambia tulipiga wimbo mmoja tu, mjane wa watu akainuka akatuletea jogoo. Simsahihishi.

Ninachowaachia ni hiki. Kabla hujamcheka kijana wako kwa makelele na mavazi yake, kaulize kwanza beberu wako alitoka wapi. Kelele ni zilezile wakuu, kinachobadilika ni suruali.