Malaria ya Uongo na Uji wa Mama

Hili nalisimulia huku nimejifunika uso, na mkicheka chekeni polepole, maana mama yangu bado anasikia vizuri. Mimi ndiye Shabani muuza mawese wa sokoni Rumonge, yule asiyeota ndevu (mlisema nina bahati ya ujana, asanteni), na miaka yote niliyoishi na mke wangu Zuwena hatukupata mtoto, na mama kila akija kutoka kijiji jirani cha Kizuka humtazama tumbo kabla ya salamu, hadi safari moja akasema wazi kwamba akija tena atamrudisha Zuwena kwao na kuniletea mwingine. Usingizi ukanihama. Bila Zuwena mimi si mtu.

Nikaamua kwenda kupimwa mimi, kimya kimya. Jirani akaniuliza nakimbilia wapi asubuhi yote hiyo, nikamjibu, "Malaria." Basi! Nilisahau kwamba kwetu mgonjwa haachwi peke yake: jirani akamwambia mkewe, mkewe akapiga simu Kizuka, na mimi nikiwa ndani kwa daktari, nikasikia ukumbini kumejaa watu. Mlango ukafunguka. Mama mbele na chupa ya uji, Zuwena nyuma yake, kisha majirani, hata vijana wanaonipakilia mapipa.

"Amahoro, dogiteri! Mutoto wangu iko na malaria kali?"

Daktari akanitazama kama anauliza, niwatoe? Ningeitikia tu, yangeisha. Lakini mama akaendelea, "Ni huyu bibi yake, chakula hamupikie muzuri, na kuzaa hazai," nikamwona Zuwena anainama, nikapayuka mbele ya wote:

"Sina malaria! Nimekuja kupimwa uzazi, wangu mimi!"

Nilitamani ardhi inimeze. Daktari akataka kuwatoa, nikamwambia aniulize hapo hapo, wameshasikia. Akauliza kama nanusa harufu. (Harufu! Nilidhani ananitania.) Kabla sijafungua mdomo, mpakizi wangu akajibu, "Huyu? Hata samaki ndagala ikioza hasikii! Mawese ni bibi yake anamunusia!"

Wakaangua kicheko. Daktari hakucheka. Akaeleza kwamba kuna wanaume wanaozaliwa na hitilafu ya kurithi, pua hainusi, na ubongo hautumi homoni za kutosha za kuamsha mbegu za kiume, na mara nyingine hupitia kwa mama. "Kuna mjomba asiye na mtoto?"

Mama alikuwa amekaa chini. "Kaka yangu," akasema. "Ndevu hana, na harufu hasikii. Bibi zake wote tuliwafukuza. Mizigo yao niliifunga mimi."

Damu yangu imepelekwa Bujumbura. Daktari anasema ikiwa ni homoni, sindano zinaweza kusaidia, ila hakuahidi, na kila simu ikilia moyo unanipasuka. Malaria sitaitaja tena, hata ikinishika kweli.

Ule uji wa mgonjwa, mama alimimina kikombe cha kwanza, akanipita nacho, akampa Zuwena kwa mikono miwili.

"Kunywa, mama," akamwambia, na tumbo hakulitazama.