Pomadi ya Kovu

Wakati wa vita nilikuwa muuguzi katika kliniki ya urembo mjini, mtaa wa Kinanira. Nilipenda mno koti langu jeupe. Nilijiona daktari tayari. Patroni wetu, mwenye kliniki, alitufundisha kwamba mteja akiingia tumpe kioo kwanza, halafu tunyamaze, aibu yake itauza yenyewe.

Siku moja alikuja mama mmoja wa Ngagara, shavu lake limechanwa na kipande cha bomu. Nikampa kioo. Akajitazama, akauliza, "Dada, hii kovu itatoka? Mutoto wangu ananiogopa, anakataa nimubebe."

Nilijua halitatoka. Nikasema, "Itatoka, mama. Paka pomadi hii asubuhi na jioni."

Baada ya mwezi alirudi. Kovu lilikuwa palepale, na ngozi ya pembeni imebabuka. Nikangoja matusi, lakini yeye aliinamisha kichwa.

"Unisamehe, dada. Pengine mi ndiye nilipaka vibaya. Siku zingine tulikimbia risasi, nikaacha."

Patroni alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza.

"Ndiyo, mama," nikasema, "usiruke siku." Nikamuuzia pomadi nyingine. Akaipokea kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kitu kwa mtu tunayemheshimu.