Ukurasa wa Alhamisi

Alhamisi za utoto wangu zilinuka wino. Treni ilipoleta magazeti pale Voi, harufu ile ilichanganyika na ya mafuta ya injini na vumbi jekundu lililolowa chini ya tangi la maji, nami hadi leo nikiisikia roho yangu hujikunja kidogo. Tulikaa kwenye landhi za reli, nyumba zilizopangwa mstari mmoja kama mabehewa, kila mlango ukijua kilichopikwa mlango wa pili. Baba alikuwa fundi wa njia ya reli. Mlango wa tatu kutoka kwetu alikaa Wakesho, tuliyekuwa naye darasa moja, na baba yake aliyekuwa mpishi katika nyumba ya mkubwa mmoja Mzungu wa reli. Mama yake alikuwa amefariki, kwa hiyo walikuwa wawili tu. Ningepaswa kumhurumia. Mimi nilimwonea wivu.

Nilimwonea wivu kwa karatasi. Kila Alhamisi gazeti lile la Kiingereza lilikuwa na ukurasa mmoja wa vyakula, wenye picha za keki zilizopanda kama vilima vya kwetu, na pembeni yake matangazo ya unga, siagi na majani ya chai. Memsabu, mke wa mkubwa huyo, aliukata, akazungushia chakula kimoja kalamu nyekundu, akampa mpishi wake. Ijumaa asubuhi Wakesho aliingia nao darasani ndani ya kitabu cha kusomea. Wasichana walimzunguka kama kuku waliomwagiwa mtama, na baadaye yeye akaupeleka mezani kwa mwalimu, wakauinamia wote wawili, wakinong'ona. Macho hayana pazia. Nilitazama mpaka shingo ikaniuma. Ile duara nyekundu niliidhania alama ya upendo, kwamba kuna mtu katika nyumba kubwa anamchagulia Wakesho chakula kila wiki. Na kwa nini Alhamisi? Nilishawishika kabisa kwamba Wazungu hushikwa na njaa siku hiyo, kama sisi tunavyoshikwa na usingizi Jumapili baada ya ibada.

Nyumbani nilimwambia mama kwamba wenzetu wana chakula cha gazetini. Alikuwa akiponda kimanga, mihogo na maharagwe yakishikana chunguni, mvuke wake ukijaza chumba chote. Hakuinua hata uso. "Gazeti halipakui," alisema. Nilikula sahani mbili, lakini nilikula nimenuna.

Basi Ijumaa moja, wenzangu walipotoka kufagia uwanja kabla ya somo la kwanza, nilibaki nyuma, nikautoa ukurasa kitabuni mwa Wakesho na kuusukumia ndani ya nguo yangu, tumboni. Sikuwa na mpango wowote nao. Nilitaka tu asiwe nao. Siku nzima alipekua mkoba wake, akainama chini ya madawati, akaniuliza hata mimi. Nikamwambia labda umepeperushwa na upepo. Karatasi ilinikwaruza kila nilipopumua.

Jioni mama alinituma chumvi dukani. Nikamkuta baba Wakesho amesimama mbele ya meza ya Mhindi mwenye duka, kapu lake tupu, na Wakesho kando yake amevimba macho. Mwenye duka alikuwa amepanga pakiti za unga mbele kabisa, kama alivyofanya kila Ijumaa. Akamtania mzee kwamba leo amekuwa bubu. "Gazeti linasema Alhamisi, memsabu anachagua, wewe unanunua Ijumaa, wageni wanakula Jumamosi. Mimi nimeshaweka unga tayari. Sasa jana limesema nini?" Mzee alijibu kwamba bado anafikiri. Ndipo nikaelewa kwa nini Alhamisi. Hakukuwa na njaa yoyote ya Wazungu. Wenye kuuza unga walitaka keki itamaniwe siku moja kabla ya kapu kutoka nyumbani, na mimi nilikuwa nimeikata kamba hiyo katikati.

Nilimvuta Wakesho pembeni nikamwambia wamuulize memsabu. Akaninong'oneza kwamba haiwezekani: baba yake hakujua kusoma hata herufi moja, na alipoandikwa kazi alisema anajua. Akiuliza, atajulikana, akijulikana, kazi imekwisha, na nyumba ya landhi pia. Kumbe yeye ndiye aliyemsomea kila wiki, na kumwendea mwalimu kulikuwa kwa ajili ya maneno magumu. Usilolijua ni usiku wa giza, wazee wamesema.

Nikautoa ukurasa, umelowa jasho. Nikasema nimeuokota. Wakesho alinitazama, akatazama mikunjo iliyofuata umbo la tumbo langu. Kwa aibu nikarudi mezani, nikajitolea kumsomea mzee mimi, nikaanza, "Mayai manne..." Mzee akaweka mkono kichwani pangu, taratibu.

"Asante, mwanangu. Lakini mwache asome yeye. Sauti yake ndiyo niliyozoea kuipikia."

Wakesho akasoma. Baba yake akafumba macho, akikunja kidole kwa kila kipimo, naye mwenye duka akaangalia pembeni kwa heshima. Nilirudi nyumbani na chumvi yangu, nikiona wivu mkubwa kuliko wa asubuhi. Picha ya keki sikuikumbuka tena. Baba yangu alisoma mwenyewe, mama hakutaka kusomewa. Mimi nilikuwa wa kutumwa chumvi.

Miaka minane imepita. Nimeolewa Ronge, huku juu mlimani, na gazeti hutufikia Jumapili likiwa limefungia sukari, wageni wa Jumamosi wameshakula na kwenda zao. Naota kwamba siku moja ukurasa ule utaandikwa kwa lugha yetu, na kimanga kitazungushiwa kalamu nyekundu. Wakesho, nasikia, anafundisha shule, na baba yake bado anapika. Wivu haujaniisha, nakiri. Ila Jumapili iliyopita mama alikuja kututembelea. Alikuwa akichambua maharagwe, mimi nikinyoosha karatasi ya sukari magotini, akasema bila kuinua uso, "Haya, soma basi." Nikamsomea supu nzima, nikiigeuza kwa lugha yetu, mpaka mwisho.

"Chumvi wamezidisha," akasema. "Rudia pale pa vitunguu."

Nikarudia mara tatu.