Hilari Lugembe na Mgahawa Alioufunga

Hilari Lugembe alikuwa mtu wa kunusa. Wengine wakikaribishwa nyumbani kwa mtu huangalia viti na picha za ukutani. Hilari aliangalia mlango wa nyuma, upande kilipo choo, na pua yake ilimtangulia kufika. Miaka ishirini na sita ya uafisa afya katika kata moja ya mjini Tabora ilimjengea heshima ya aina yake. Pikipiki yake ikisikika tu kwenye kona, akina mama walifunika ndoo, wauza matunda walianza kupunga nzi, na mtu ambaye hajanawa tangu asubuhi alikumbuka kwamba sabuni ipo. Jina lake wengi hawakulijua. Walimwita Bwana Afya, na kwa nyuma Bwana Choo, jina ambalo alijifanya hajawahi kulisikia.

Aliishi Cheyo, peke yake, tangu mkewe Apolinaria alipofariki. Binti yao, Siwema, alikuwa mwalimu Nzega, na kila Jumapili baada ya misa alipiga simu na swali lake lilelile.

"Baba, unakula?"

"Nakula, mwanangu."

Wala hakudanganya. Kila siku ya kazi, saa saba mchana, alikula kwa Recheli.

Recheli alikuwa Mgogo. Alikuja Tabora kwa treni akimfuata mume, mume akafariki, yeye akabaki na masufuria yake. Mgahawa wenyewe ulikuwa chumba kimoja chenye mabenchi manne na ua mdogo kwa nyuma, lakini mlenda wake, mboga ya kuteleza, ulikuwa na sifa hadi stendi. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi zile mababu wa Hilari walipokatiza Ugogo na pembe za ndovu mabegani, wakiomba maji na kunyimwa, au kupewa kwa bei. Kwa hiyo Recheli alikuwa na ruhusa ya kumwambia Bwana Afya maneno ambayo hata mkurugenzi wa manispaa asingethubutu.

"Mtani, leo umechelewa," angesema. "Umekwama kwenye shimo gani?"

Hilari angekaa benchi la pembeni, angenawishwa kwa birika na kuanza kula. Hivyo ndivyo walivyoishi kwa miaka tisa.

Mvua za Januari zilipokolea, kata ya jirani ikapata wagonjwa wawili wa kipindupindu. Agizo likashuka: migahawa yote ikaguliwe ndani ya wiki moja, na usiotimiza masharti ufungwe. Masharti yalikuwa manne: choo bora, maji ya kunawa yanayotiririka, maji ya kunywa yaliyotibiwa, na kila mpishi awe na kadi ya kupimwa afya ambayo haijapitwa na muda. Hilari aliyajua kama Baba Yetu. Akapanda pikipiki na kuanza.

Jumatatu alianzia sokoni. Jumanne akaenda upande wa reli. Jumatano alikagua vibanda vya chipsi, Alhamisi akarudia vibanda vilevile kuona kama maagizo yamefuatwa. Masolwa, fundi viatu aliyekaa mkabala na mgahawa wa Recheli, alimtazama akipita mara ya nne bila kusimama.

"Mwangaluka, Bwana Afya," alimsalimu kwa lugha ya kwao. "Nasikia umemkagua hata muuza kahawa ambaye hana mlango. Huku kwetu utafika mwaka huu?"

"Kazi ina utaratibu wake, Masolwa."

"Naona. Utaratibu unazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala."

Ijumaa hakukuwa na mahali pengine pa kwenda. Hilari aliingia kwa Recheli saa nne, saa ambayo hajawahi kuingia, na jalada mkononi. Jikoni kulikuwa safi kuliko alivyotarajia; sufuria zimeng'aa, vyombo vimeinuliwa kwenye kichanja. Akajisikia ahueni. Kisha akatoka uani.

Ukuta wa choo ulikuwa umelala chini tangu mvua ya wiki iliyopita, gunia limening'inizwa mahali pake. Shimo lilikuwa limejaa. Pipa la kunawia halikuwa na koki. Kikombe kimoja kilielea ndani yake, na kila mkono ulikitumia kuchotea. Kadi ya Recheli mwenyewe ilikuwa imepitwa na muda kwa miezi miwili.

"Miaka tisa unakula hapa," Recheli alisema, akiwa amesimama nyuma yake na mwiko. "Ndio leo umejua nina ua?"

"Sikuwahi kupata haja."

"Kumbe. Na kadi? Imening'inia juu ya benchi lako."

Hilari aliikodolea macho kadi ile. Kweli ilikuwa inamtazama usoni kila mchana, naye kila mchana alikuwa anatazama sahani. Hilo lilimchoma kuliko shimo. Akatoa kalamu, akaandika ilani polepole, herufi moja moja, kama mwanafunzi anayeandikishwa kosa lake. Siku kumi na nne, au hadi masharti yatakapotimia.

Recheli aliisoma yote. Hakulia wala hakugomba. Aliingia ndani, akarudi na sahani ya ugali na mlenda, moshi unapanda, akaiweka mezani.

"Kaa ule kwanza, halafu ufunge."

Hilari alitazama sahani. Alivuta harufu yake. Lakini mtu hawezi kuandika kwamba chakula cha mahali fulani ni hatari kisha akae akile papo hapo. Akabandika ilani mlangoni, akawasha pikipiki, akaondoka na njaa yake.

Ndipo alipogundua jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: katika kata nzima hakuna mgahawa ambao hakuwahi kuuandikia kosa. Pa kwanza alipoingia, mhudumu aliiosha sahani mara tatu mbele yake, akaifuta, akaiinua juani aione, na ilipofika na chakula, wali ulikuwa umepoa. Kwa Abbasi, muuza chapati, alihudumiwa haraka, ila Abbasi akasimama mezani, mikono nyuma.

"Bwana Afya, chapati ni salama, au nisubiri ripoti?"

Watu wa benchi jirani wakacheka ndani ya vikombe. Hilari akala nusu, akaaga.

Siku ya nne akaamua kupika mwenyewe. Alinunua maharage kilo moja, akayabandika jioni, akala kidogo, akaona si mabaya. Yaliyobaki akayaacha sufuriani, mfuniko hakuuona mara moja na hakuutafuta mara ya pili. Kesho yake ilikuwa siku ya joto, nyumba imefungwa tangu asubuhi. Saa kumi alirudi na njaa ya kukagua tangu asubuhi, akala maharage yote yakiwa ya vuguvugu, bila kuyapasha. Pua iliyotisha kata nzima siku hiyo ilikuwa likizo.

Kabla ya jogoo wa pili tumbo lilikuwa limekwishamfungulia kesi. Kulipokucha alikuwa amekwenda uani mara saba, na kwenye mlango wa choo chake, choo bora cha mfano ambacho wageni wa mafunzo huletwa kukiona, alijikuta uso kwa uso na tangazo lililobandikwa mji mzima: *Mwenye kuharisha aripoti kituo cha afya mara moja.* Tangazo alilitunga yeye.

Akaenda. Hilari mwenyewe ndiye aliyemfundisha muuguzi wa zamu, Mektilda, kujaza fomu ya wagonjwa wa kuharisha, na alimfundisha vizuri.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba. Andika tu maharage, niende."

"Hapana, baba, ulisema tusiruke kipengele hata kimoja." Akafungua fomu. "Chakula cha mwisho ulikula wapi?"

"Nyumbani."

"Kilipikwa na nani?"

Hilari alitazama dirisha. "Na mwenye nyumba."

"Kilihifadhiwa vipi?"

"Sufuriani."

"Kilifunikwa?"

Mektilda aliandika jibu bila kuambiwa. Kisha, kwa adabu zote, akamkumbusha kwamba mwongozo unataka sampuli ipelekwe maabara na nyumba ya mgonjwa ikapulizwe dawa. Hilari alijua. Mwongozo huo aliuhubiri kwa sauti kubwa kwenye semina tatu.

Saa tano wapulizaji wawili wenye mabuti na mapipa ya dawa mgongoni wakafika Cheyo. Watu wakatoka nje kama kumepita harusi. Mzee mmoja aliyewahi kutozwa faini kwa ajili ya jaa lake aliomba kiti ili atazame akiwa amekaa. Mpulizaji mmoja alitoka na ile sufuria mkononi, ameishika kwa kidole kimoja, akauliza kwa unyenyekevu iwekwe wapi.

Majibu yalirudi kesho yake: hakuna kipindupindu. Yalikuwa maharage tu. Lakini Hilari alikuwa hoi kitandani, amenywa maji ya chumvi na sukari hadi ulimi umechoka, aliposikia hodi.

Alikuwa Recheli, na chupa ya uji.

"Mgahawa wako umefungwa," Hilari alisema kwa sauti dhaifu.

"Huu si mgahawa. Mtani akiugua, mtani huja kumcheka. Nimekuja kukucheka, uji nimepitia nao tu."

Akavuta stuli, akamimina kikombe. Hilari akakipokea, akasita.

"Maji uli—"

"Nimechemsha. Nimefunika. Nimenawa kwa sabuni, maji yakitiririka. Unywe au nimwage?"

Akanywa. Akaongezewa. Kikombe cha tatu kikamtoa jasho, na kwa mara ya kwanza tangu amfungie mgahawa alimwangalia machoni.

"Ile kadi," alisema. "Nilipaswa kukwambia tangu mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa nakula."

"Najua ulikuwa unakula. Nami nilipaswa kwenda kupima, nilikuwa napika." Akafunga chupa. "Shimo limeshachimbwa. Njoo ulione ukipata miguu."

Siku ya kumi na mbili alifika. Watu walijipanga nje kwa Masolwa kuona kama mlenda utamlainisha. Ukuta mpya wa tofali za kuchoma ulikuwa wima, pipa lina koki na sabuni imefungwa kamba, kadi mpya ipo ukutani. Hilari alipima kina cha shimo, akasukuma mlango, akapanda juu ya ndoo kuchungulia bomba la kutolea hewa.

"Halina wavu wa nzi," alisema.

"Mtani."

"Nzi ataingia."

"Ugali uko mezani."

"Waule wao. Nitarudi kesho."

Akaondoka, tumbo likinguruma kushinda pikipiki. Recheli alitukana kwa Kigogo maneno ambayo kwa bahati hakuna aliyeweza kuyatafsiri, kisha akamtuma mtu dukani. Kesho yake wavu ulikuwepo, ilani ikabanduliwa, na Hilari akala sahani mbili bila kuinua kichwa. Alipomaliza, alisimama akasoma tarehe kwenye kadi, mdomo ukitikisika, kama mtu anayekariri.

Mwezi uliofuata mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano wa usafi. Mikutano hiyo kwa kawaida huhudhuriwa na wachache, nusu yao wamesinzia. Safari hii watu walijaa, maana habari za sufuria zilikuwa zimefika hadi Kigwa, nje ya mji. Hilari alisimama na makaratasi yake ya takwimu, akayatazama, akayaweka chini.

"Nitawasimulia habari ya maharage," alisema. "Niliyaacha wazi usiku mmoja na kutwa moja. Nilikwenda uani mara nne."

"Saba," Mektilda alisema kutoka mstari wa mbele. "Nina fomu."

Walicheka hadi mwenyekiti akapiga meza. Hilari alisubiri, uso wake ukiwa kama wa mtu anayeng'olewa jino, kisha akaendelea: namna ya kufunika chakula, namna ya kukipasha hadi kichemke, namna ya kutibu maji, na kwa nini mtu asione aibu kufika kituoni mapema. Hakuna aliyesinzia. Walipotawanyika, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimfuata hadi kwenye pikipiki, akiwa ameshaiwasha, na kumwuliza, kwa sauti ya chini, kama na dagaa nao wanahesabika.

"Dagaa zaidi, mama," Hilari alisema, akazima injini ili amweleze vizuri.